Safu ya Tatu kutoka Kulia

Leopold Wimmer alikuwa mtu wa kusoma kinyumenyume, na hiyo ndiyo iliyomlisha. Jiwe la chapa hubeba picha iliyogeuzwa, kulia kwake kushoto na kushoto kwake kulia, ili likikutana na karatasi mambo yarudi sawa. Mtu aliyeinamia mawe hayo tangu ndevu hazijaota huishia kuiona dunia kutokea upande wa ndani. Asubuhi, kabla ya kazi, Leopold alikunywa kahawa katika duka la Bi Amrhein, na alipenda kukaa akielekea dirisha, ayasome maandishi ya dhahabu ya kioo kutoka nyuma yake, bila kukwama, kama wapita njia walivyoyasoma kutoka mbele. Zamani walipokuwa wachumba, mkewe Burgi aliwaambia watu, "Huyu akinitazama kwenye kioo ndipo ananiona sura yangu kamili."

Miaka hiyo Burgi alikuwa na kicheko kikubwa. Sasa alikuwa na kifua. Alichambua majani ya tumbaku katika kiwanda cha sigara tangu walipofika New York, na vumbi la majani lilimwingia likakaa, likakataa kutoka. Kikohozi kilimshika alfajiri. Leopold aliamka, akamwinua, akamwekea mito mgongoni, akamsugua kwa mafuta ya kafuri mpaka pumzi ikapata njia. Akilala tena, mumewe alikuwa hana tena sababu ya kulala. Alishika viatu mkononi, akashuka ngazi taratibu, akaenda kunywa kahawa akisubiri mlango wa kazini ufunguliwe. Hivyo ndivyo siku zake zilivyoanza, majira yote ya baridi, na masika, hadi kiangazi kikaingia.

Kiangazi hicho joto lilikuwa la kuangusha farasi barabarani. Na katika chumba cha mawe, ghorofa ya tatu juu ya mto, madirisha hayakufunguliwa. Karatasi hunywa unyevu wa hewa ikavimba, hata kwa unene wa unywele tu, na rangi ya pili haikai tena juu ya rangi ya kwanza. Basi watu wakafungiwa na harufu ya tapentaini na wino, wakaloa jasho, ili karatasi ikae kavu. Kolarik, mpiga chapa wa ghorofa ya chini, alikuwa akisema karatasi za nyumba ile zinatunzwa kuliko wake za watu.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya kadi. Kampuni ya tumbaku ilitaka kila pakiti ya sigara iwe na kadi moja, si kubwa kuliko vidole vitatu vikikaa pamoja, mbele picha ya mchezaji wa besiboli, nyuma jina la sigara. Kadi hazichapwi moja moja. Hupangwa kwenye karatasi kubwa kama meza ya kulia chakula, na kila mchezaji hupewa safu yake, amejirudia kutoka juu hadi chini, uso uleule, kofia ileile, ili kisu cha mkataji kikishuka kila safu itoke ikiwa rundo la mtu mmoja. Wenye anga la bluu nyuma yao huwekwa jirani, na wenye anga jekundu jirani, mpiga chapa asije akahangaika na wino mzito upande huu na mwepesi upande ule. Na kila rangi ina jiwe lake. Njano jiwe lake, bluu jiwe lake, nyeusi ya mistari na majina jiwe lake. Karatasi hupita mtamboni jiwe baada ya jiwe, na mtu hujengeka polepole: kwanza nyasi chini ya miguu yake, kisha anga, kisha mistari ya uso, na karibu na mwisho rangi ya waridi, ambayo ndiyo ngozi.

Leopold hakuchora. Wachoraji walikuwa na chumba chao na tai zao. Yeye alikuwa fundi wa kuhamisha. Picha moja ndogo ya mchoraji aliichapa mara nyingi kwenye karatasi laini, kwa wino wa mafuta, akazipanga chapa hizo kwa ncha ya sindano, tundu dogo juu ya alama ndogo, kisha akazilaza kifudifudi juu ya jiwe kubwa na kuligandamiza mpaka jiwe likanywa mafuta. Akipinda yeye kidogo tu, mchezaji anatoka na midomo shavuni.

Na alikwisha kupinda. Majira ya baridi, lebo za pichi za mkebe zilitoka kama zimelewa. Bwana Dietz, msimamizi, alimwita kando. Dietz naye aliwahi kuwa fundi wa kuhamisha, hakuwa mtu wa makelele.

"Leopold, sitaki kukuaibisha mbele za watu," alimwambia. "Lakini jiwe jingine likiharibika mikononi mwako, utashuka chini kwa Korbinian."

Chini kwa Korbinian ni chumba cha kusaga, ghala la chini kabisa, ambako mawe yaliyokwisha kazi husuguliwa kwa mchanga na maji, picha zifutike, yatumike tena. Korbinian alikuwa mwenzake wa meza kwa miaka mingi, mpaka macho yake yalipoingia ukungu. Alishushwa, na hakuna aliyewahi kushushwa kule akapanda tena. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Leopold alikwisha tia maji, alichobaki nacho ni kungoja wembe.

Jumatatu Dietz alikuja mezani akiwa na kijikaratasi.

"Hathersage kauzwa."

"Kauzwa wapi?"

"Ligi ndogo huko Kansas. Goti limekwisha. Kampuni haitaki sura yake kwenye pakiti."

"Lakini tumeshamweka kwenye mawe yote. Juzi tu nimempa mashavu."

"Basi mnyang'anye. Mahali pake anaingia yule kijana, Donahoe. Safu nzima, mawe yote. Kolarik anaanza na njano leo mchana, wewe mtangulie jiwe moja moja."

"Mtu anavunjika goti, wanamfuta na uso," alisema Leopold.

"Angekuwa farasi wangempiga risasi," Dietz akajibu, akaondoka.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unatafuta safu ya Hathersage juu ya jiwe, unaisugua kwa kijiti cha jiwe laini mpaka mafuta yaachie, unapitisha tindikali, unaosha, unalaza chapa za Donahoe palepale. Kwenye karatasi, Hathersage alikuwa safu ya tatu kutoka kushoto. Kwa hiyo juu ya jiwe alikuwa ya tatu kutoka kulia. Bwana aliyemfundisha Leopold kazi, huko Bavaria, alikuwa na desturi ya kuliamkia jiwe. Alinyoosha mkono wa kulia kama anayesalimia mgeni. "Jiwe ni mtu aliyekukabili," alikuwa akisema. "Mkono wake wa kulia uko kushoto kwako. Usiposalimiana naye, atakudanganya." Leopold alilisalimia kila jiwe maisha yake yote, hata bila kujua kwamba mkono umeinuka.

Wiki ikaenda. Njano, bluu, kijani, nyekundu, nyeusi. Juu ya jiwe jeusi hakukuwa na shida, kwani jina la mchezaji liko pale chini ya miguu yake, limegeuzwa. Kila alfajiri Burgi alikohoa, na kila asubuhi kahawa ya Bi Amrhein ilikuwa na kazi kubwa zaidi.

Siku ya jiwe la waridi, Leopold aliinua macho kutoka kwenye kikombe akatazama dirisha, na maandishi ya dhahabu yalikuwa mikwaruzo. Hayakuwa maneno. Alikaza macho. Aliyajua yanasema nini, kwa kuwa aliyajua, si kwa kuyasoma.

"Kahawa mbaya?" Bi Amrhein aliuliza.

"Kahawa nzuri."

"Mbona unaitazama bure barabara yangu? Kuna mwanamke huko?"

"Angekuwepo nisingemwona," alisema Leopold, akalipa, akaenda kazini.

Jiwe la waridi halina majina. Halina kofia wala mistari. Lina viraka tu: hapa shavu, hapa kipande cha shingo, hapa ngumi mbili zilizokamata gongo, safu kwa safu, kama nguo iliyoliwa na nondo. Hathersage, Donahoe, Stallcup, wote wakiwa waridi tupu ni ndugu mmoja. Leopold alivua koti, akachukua kijiti, akaweka kidole ukingoni mwa jiwe, moja, mbili, tatu, akaanza kusugua. Mkono wa salamu haukuinuka. Aliwaza kama Burgi amekunywa maziwa aliyomwachia.

Jiwe likashushwa. Mtambo ukaanza kunguruma chini ya sakafu, na sauti hiyo ilimfanya asinzie kidogo akiwa amesimama.

Ikanyamaza.

Kolarik alipanda ngazi mwenyewe, jambo asilolipenda kwa sababu ya tumbo lake. Mkononi alikuwa na karatasi moja mbichi. Aliilaza mezani, akachungulia mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Leo, nataka nikuonyeshe mchezaji mpya. Ana mikono mitatu. Timu itakayompata huyu inachukua ubingwa."

Leopold akatazama. Safu ya tatu kutoka kushoto, Donahoe alisimama na gongo lake, uso mweupe kama unga, na kando ya kichwa chake ulining'inia hewani mkono wa waridi wa mtu anayerusha mpira. Mkono wa Hathersage. Huko upande wa pili, safu ya tatu kutoka kulia, Stallcup, ambaye hakuuzwa wala kuumia wala kumkosea mtu, aliinama kuokota mpira akiwa hana damu mwilini, na juu ya mgongo wake uso wa Donahoe ulielea kama mwezi. Juu hadi chini, safu nzima.

"Tindikali?" Kolarik aliuliza, akimpa njia. "Wakati mwingine tindikali inakula."

"Si tindikali."

"Najua si tindikali. Nakuuliza kama tuseme ni tindikali."

"Dietz akiiona hii atajua kabla hajavaa miwani. Nimehesabu kama mtu wa barabarani. Nimehesabu kutoka kushoto."

Kolarik alijikuna shingo. "Basi sikiliza, mzee. Dietz yuko mjini kwa watu wa tumbaku, harudi mpaka mchana umekolea. Zilizopita ni chache, nitazitia kwenye tanuri la boila. Nitasema mkanda wa mtambo umelegea, na kweli umelegea, hulegea kila siku. Jiwe linapanda sasa hivi. Litengeneze, nishushie, tule chakula chetu. Nani atauliza?"

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi? Sitaki kuletewa fundi kijana wa bati, hao wa kuchapa kwa mabamba badala ya mawe. Hao hawana hata mzaha."

Jiwe likapandishwa kwa kamba na gari lake dogo, na Leopold akabaki nalo. Alinyoosha mkono wa kulia kulisalimia. Mkono ukasimama hewani. Kulia kwake ni kushoto kwangu, alijiambia. Basi safu ya tatu ni hii. Akatia kidole. Akarudia hesabu, na kidole kikaenda upande mwingine. Mara ya tatu alihisi kama mtu anayesahau jina la mtoto wake huku mtoto amesimama mbele yake.

Hatimaye alifanya kitu ambacho mwanagenzi hufanya mwaka wake wa kwanza, tena akichekwa. Alichukua ile karatasi iliyoharibika, akailaza kifudifudi juu ya jiwe, akainua kona zake, akatia alama ya chaki kwenye safu ya Stallcup na alama nyingine kwenye safu ya Hathersage. Kisha akafanya kazi. Alifuta zote mbili, akaosha, akampa Stallcup ngozi yake na Donahoe ngozi yake, tundu juu ya alama, sindano ikiwa imara. Mikono haikuwa na kosa lolote. Mikono ingeweza kuendelea miaka.

Jiwe likashuka. Mtambo ukanguruma. Kolarik akatuma karatasi moja juu kwenye kikapu cha kamba: Donahoe ana uso wake, Stallcup ana damu yake. Ilikuwa karatasi nzuri. Hapo Leopold angeweza kukaa, akala mkate wake mweusi na soseji ya maini, na meza ingebaki yake.

Akakaa. Akafungua mkate, asiule. Kesho kungekuwa na jiwe la kijivu, halafu safu nyingine ya wachezaji, halafu lebo, halafu kalenda. Kila jiwe angelilazia karatasi kama mwanagenzi, akitazama mlangoni asije mtu. Kila asubuhi angekaa mbele ya dirisha la Bi Amrhein akingoja kuona kama maandishi yamerudi. Na siku moja asingekumbuka kulaza karatasi, na siku hiyo Kolarik asingekuwepo, au Dietz asingekuwa mjini. Aliutafuta moyoni woga wake wa chumba cha kusaga, ule alioubeba tangu majira ya baridi, akaukuta umechakaa. Ule wa jiwe la kesho ndio uliokuwa mpya.

Karatasi iliyoharibika ilikuwa bado mezani. Kolarik aliisahau, au alidhani mzee mwenyewe ataichoma. Leopold aliinyoosha, akaiweka chini ya mwanga, akala mkate wake.

Dietz aliporudi aliiona kutoka mlangoni. Alisimama juu yake kitambo, kofia bado kichwani.

"Zimepita ngapi hivi?"

"Chache. Zimechomwa. Jiwe limekwisha tengenezwa, mtambo unakwenda vizuri."

"Kolarik anajua?"

"Kolarik hasikii kitu na ule mtambo. Alisimama kukaza mkanda."

Dietz akavua kofia. Alihesabu safu kwa macho, kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, na Leopold alimwona akifika pale alipofika yeye mwenyewe.

"Hukulisalimia," alisema Dietz. Naye alifundishwa hivyohivyo, na bwana mwingine, bonde jingine.

"Sikulisalimia. Na baadaye nililisalimia, halikunijibu."

"Ungeichoma na hii nisingejua, Leopold."

"Leo usingejua."

"Nikikushusha siwezi kukupandisha. Juu wanataka bati, hawataki mawe. Ukiondoka hapa hii meza naifunga."

"Najua, Bwana Dietz."

Msimamizi aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Alifungua dirisha kidogo, akakumbuka karatasi, akalifunga.

Jioni Leopold alimkuta Burgi ameketi penye ngazi ya nje ya dirisha, akipata upepo, supu ya matonge ya maini imefunikwa juu ya jiko. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama.

"Kwa hiyo unakwenda kusugua," alisema Burgi.

"Kuanzia Jumatatu."

"Baba yangu alikupa mimi kwa sababu ya vidole vyako. Alisema mwenye vidole hivi hatalala njaa."

"Vidole vipo."

"Na kichwa?"

"Kichwa kimeomba ruhusa."

Burgi alicheka, kicheko kikamletea kikohozi, na Leopold akamshika mgongo mpaka kikapita. "Maji yale ya chini ni baridi," alisema mkewe alipopata pumzi. "Utapata mifupa ya mvuvi. Tutakuwa wawili wa kusuguana alfajiri."

Chumba cha kusaga kilikuwa na taa mbili na mfereji katikati ya sakafu. Korbinian aligeuka aliposikia hatua. Hakumwona sawasawa, akamjua kwa mwendo.

"Umechelewa, ndugu yangu. Nilikutarajia kabla ya Pasaka."

"Nilikuwa na kazi."

"Nimekuwekea aproni ya ngozi. Ina harufu ya marehemu aliyeivaa kabla yako, lakini haivuji."

Kusaga ni hivi: jiwe moja chini, jiwe jingine juu yake, uso kwa uso, mchanga na maji katikati, na mtu anazungusha la juu kwa mikono miwili, duara baada ya duara, mpaka mchanga unakuwa matope ya kijivu. Anaosha, anatia mchanga laini zaidi, anazungusha tena. Mikono inapasuka siku za mwanzo. Mgongo unauma mahali pengine, si pale ulipozoea kuuma. Mishahara ya kule ilikuwa ya kule. Burgi aliacha kununua nyama isipokuwa Jumapili, wala hakulisema.

Majani yalipoanza kuanguka, mawe ya kadi yakaanza kushuka. Wachezaji walikwisha chapwa, wakakatwa, wakaingia kwenye pakiti, wakaenda zao mifukoni mwa watu. Jiwe la waridi lilifika asubuhi ya mvua. Leopold alilijua kabla ya kulimwagia maji: ukingoni kulibaki kivuli cha chaki yake, alama mbili. Viraka vyote vilikuwapo, mashavu na shingo na ngumi, na pale mahali pawili alipofuta na kuweka upya jiwe lilikuwa na rangi tofauti kidogo, kama ngozi iliyopona kidonda.

"Ni lipi hilo?" Korbinian aliuliza kutoka upande wake.

"Waridi. La kadi."

"Lile lako?"

"Lile langu."

"Nipe kona nikusaidie kuligeuza. Ni zito hilo."

Wakaligeuza pamoja, likakaa. Leopold akatia mchanga, akatia maji, akaweka jiwe la juu, akaanza kuzungusha. Hakuhesabu safu. Mwanzo wakaondoka wa pembezoni, kisha wa katikati, na maji ya mfereji yakabeba weupe wa kijivu usio na sura ya mtu. Ngumi ya Donahoe ilidumu kitambo kuliko nyingine, mafuta yake yakiwa mapya, kisha nayo ikaenda. Alipoosha, jiwe lilikuwa tupu, la rangi ya siagi, lisilo na kulia wala kushoto, na Korbinian akalipapasa kwa kiganja akasema bado kuna mkwaruzo upande wake. Leopold akaongeza mchanga laini.

Jioni hiyo Burgi alimnusa alipovua koti.

"Hunuki tena tapentaini," alisema.

"Nanuka nini?"

"Mto."

Alimpakulia supu, akageuka kutafuta kijiko. Aliporudi mumewe alikuwa amelala palepale kwenye kiti, mikono yake iliyopasuka juu ya meza, viganja juu. Burgi aliifunika supu kwa sahani, akaketi mbele yake, akakizuia kikohozi chake kwa kitambaa asije akamwamsha.